Mzee amefura miguu: kutafuta chanzo kwanza, kisha kumhudumia nyumbani

Jioni, mzee amekaa barazani miguu ikining'inia. Akivua makubadhi, alama ya ukanda imebaki imezama kwenye ngozi, na kifundo cha mguu hakionekani tena. Muundi umeshuka sawasawa hadi unyayoni. Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba, hapo huanza mambo matatu kwa mpigo: beseni la maji ya moto yenye chumvi, mafuta ya kuchulia, na kidonge cha kukojoza kilichoazimwa kwa jirani mwenye maradhi ya moyo. Maji ya moto humuunguza mwenye sukari asiyehisi nyayo zake. Kuchua kunaweza kung'oa damu iliyoganda ndani ya mshipa, ikapanda hadi kwenye mapafu. Kidonge nacho humkausha mzee ambaye pengine hana maji ya ziada mwilini.

Kwa hiyo tunaanza na kutizama, kisha tunafungua kifuko cha dawa, ndipo tufike kwenye kutibu.

Maji yanajaa vipi

Moyo husukuma damu kushuka miguuni. Kurudi juu ni kazi ya vena, zikisaidiwa na misuli ya shavu la mguu ambayo kila hatua huzikamua kama mtu anavyokamua tui. Ndani ya vena mna vali zinazozuia damu isishuke tena. Maji kidogo hupenya nje ya mishipa midogo wakati wote, na mishipa ya limfu huyakusanya na kuyarudisha kwenye damu.

Mguu hufura pale shinikizo ndani ya vena linapozidi (moyo umechoka, vali zimelegea, mzee hanyanyuki kitini), au albumini, ile protini inayoyashika maji ndani ya damu, inapopungua kwa sababu ya figo, ini au lishe duni. Kuta za mishipa nazo huvuja kukiwa na maambukizi, na njia ya limfu huziba kwa matende au kwa saratani ya nyonga. Kwa mtu wa miaka 70 au 80 mara nyingi yako mawili au matatu kwa pamoja, basi ukishapata jibu moja usiache kutafuta la pili.

Mguu mmoja au yote miwili?

Hili ndilo swali la mwanzo, na linajibiwa kwa macho na futi ya fundi cherehani, ule mkanda laini wa kupimia nguo. Mlaze mzee kitandani, funua miguu yote hadi juu ya magoti, fungua dirisha au washa taa.

Chini kidogo ya goti, upande wa mbele, pana kinundu cha mfupa. Kutoka hapo shuka sentimita 10, tia alama kwa kalamu, zungusha futi bila ya kuikaza, andika. Fanya vivyo hivyo mguu wa pili. Mashavu ya miguu yakitofautiana kwa zaidi ya sentimita 3, na uvimbe umekuja kwa siku chache, hilo ni jambo la hospitali siku hiyo hiyo: damu inaweza kuwa imeganda ndani ya vena. Shaka huzidi ikiwa mzee alilazwa hivi karibuni, alivunjika nyonga, alifanyiwa upasuaji, ana saratani, au alisafiri saa nyingi bila ya kunyanyuka. Mguu huo usichuliwe, usikandwe, usifungwe bendeji ya kubana.

Mguu mmoja mwekundu, wa moto, unaouma na homa juu yake mara nyingi ni maambukizi ya ngozi. Tafuta mlango yalipoingilia: kati ya vidole pameoza kwa fangasi, kisigino kimepasuka, au pana kidonda cha zamani. Huyu anahitaji antibiotiki za daktari, na akicheleweshwa wekundu hupanda muundini saa kwa saa. Zungushia ukingo wa wekundu kwa kalamu uone unavyokwenda.

Miguu yote miwili ikifura polepole, tuhuma huhamia kwenye moyo, figo, ini, dawa, au ukaaji wa mzee mwenyewe.

Sasa kidole gumba. Bonyeza juu ya mfupa wa muundi, upana wa vidole vitatu juu ya kifundo, kwa sekunde 10, uachie. Shimo la milimita 2 linalojaa mara moja ni uvimbe mdogo. Milimita 4 ni wa kati. 6 ni mkubwa. 8, shimo ambalo linakaa hata dakika mbili, ni mkubwa sana. Kisha panda juu ukibonyeza uone umeishia wapi: kifundoni, nusu ya muundi, gotini au pajani. Kiwango cha kupanda kina habari nyingi kuliko kina cha shimo. Kwa mzee asiyetoka kitandani miguu inaweza kuwa myembamba kabisa, na maji yote yako kiunoni na makalioni, basi mgeuze ubavu ubonyeze hapo.

Pasipoingia shimo hata kidogo na ngozi ni nene na ngumu, jaribu kufinya ngozi ya juu ya kidole cha pili cha mguu, pale kinapoanzia. Ikigoma kunyanyuka, limfu imeziba. Matende tutayarudia huko mbele.

Haya hayasubiri asubuhi:

- pumzi fupi hata amekaa, au anaamka usiku akihema;
- maumivu ya kifua, kukohoa damu, kuzimia;
- mguu mmoja umevimba ghafla, au umekuwa wa baridi, mweupe au wa buluu;
- homa na mguu wa moto, hasa kwa mwenye sukari;
- mkojo umekuwa haba sana, au mzee amechanganyikiwa.

Aliye Pemba aende hospitali iliyo karibu naye, iwe Micheweni, Wete, Chake Chake au Abdulla Mzee pale Mkoani. Familia nyingine hukata shauri kusubiri boti ya kesho kwenda Unguja kwa kuwa kule kuna ndugu wa kumuuguza. Kwa pumzi fupi au mguu wenye shaka ya damu kuganda, safari hiyo ije baada ya kuonwa hapo kisiwani.

Mwaga kifuko cha dawa

Twaa dawa zote za mzee, pamoja na za miti shamba na zile zisizo na jina, zimwage juu ya mkeka. Andika kila moja, kipimo chake na mwezi alioianza. Kazi hii ya robo saa hutoa jibu mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Ya kwanza kutafuta ni amlodipini, dawa ya presha iliyoenea mno, na nduguye nifedipini. Hufungua mishipa midogo inayoleta damu bila ya kufungua inayoirudisha, hivyo maji husukumwa nje. Uvimbe wake uko miguu yote miwili, hauumi, huzidi jioni, na hutokea zaidi kwa miligramu 10 kuliko 5. Hapa ndipo pana mtego: mzee anaanza amlodipini, anafura, anapewa dawa ya kukojoza, miguu haipungui kwa sababu tatizo si wingi wa maji mwilini, kipimo kinaongezwa, potasiamu (madini ya damu) inashuka, kizunguzungu kinamjia akinyanyuka usiku kwenda chooni, anaanguka, nyonga inavunjika. Dawa moja imezaa ya pili, na ya pili imezaa jeraha.

Suluhisho ni la daktari: kushusha kutoka 10 hadi 5, kubadilisha dawa, au kuongeza dawa nyingine ya presha ya jamii ya losatani au lisinoprili, ambazo hupunguza uvimbe huo. Usiisimamishe mwenyewe. Presha iliyoachwa huru huleta kiharusi, na mguu uliofura ni afadhali mara mia.

Ya pili ni dawa za maumivu: diklofenaki, ibuprofeni na wenzao, vidonge na sindano, wanavyonunua wazee wa magoti dukani bila ya kuulizwa. Huzuia chumvi isitoke, hupandisha presha, huumiza figo na kuvunja nguvu ya dawa ya kukojoza. Mwenye moyo au figo mbovu asizitumie kabisa. Panadoli itamtosha kwa siku nyingi: vidonge vya miligramu 500, kimoja au viwili kwa mara moja, ikipita saa 6 baina ya mara na mara, na visizidi 6 kwa siku kwa mzee mwembamba. Mwenye ini bovu amuulize daktari kwanza.

Ya tatu ni prednisoloni na deksamethasoni, dawa za steroidi. Huingia kwa njia ya haki, kwa pumu au baridi yabisi, na huingia kwa mlango wa nyuma katika vidonge vya kunenepesha na unga wa magoti usio na lebo. Unga unaoondoa maumivu ya miaka kumi kwa siku mbili, ushuku. Uso kuvimba kama mwezi, sukari kupanda na ngozi kuchubuka kwa kuguswa tu ni alama zake. Lakini mzee aliyezitumia wiki kadhaa asiziache kwa ghafla; mwili umesahau kutengeneza steroidi za kwake, na huweza kuporomoka.

Zimo nyingine: pioglitazoni ya sukari, gabapentini na pregabalini za ganzi na maumivu ya neva.

Alama za kila chanzo

Moyo: mzee hulala kwa mito mitatu, huchoka kwa kwenda msikitini pale pale, hukohoa usiku, na uzito hupanda upesi. Figo: uso na kope huvimba asubuhi, mkojo una povu kama la sabuni lisilokwisha. Ini: tumbo hujaa kwanza, miguu hufuata, macho huwa manjano. Upungufu mkubwa wa damu: viganja na ndani ya kope ni vyeupe.

Lishe duni inapuuzwa. Kizee anayeishi peke yake kwa chai ya rangi, boflo na wali wa mchuzi usio na kitu anaweza kuwa na tumbo lililoshiba na damu isiyo na protini. Yai moja kwa siku, samaki, kunde, choroko au mbaazi ni sehemu ya dawa yake, isipokuwa daktari amempa masharti ya figo.

Vena zilizolegea ndizo za kawaida kuliko zote. Miguu huwa mizuri alfajiri na hujaa kadiri siku inavyokwenda, hasa wakati wa joto la kaskazi. Mishipa imejikunja kama kamba nyuma ya goti, ngozi ya juu ya kifundo upande wa ndani imekuwa kahawia na inawasha, na baadaye hapo hapo hufumuka kidonda.

Halafu yuko mzee ambaye hana maradhi yoyote ya haya, ila kukaa. Magoti yanauma, basi anakaa kitini tangu sala ya alfajiri, anasinzia hapo hapo, na usiku analala hapo hapo miguu chini. Mgonjwa wa aina hii hupona kwa kitanda na mazoezi, na hakuna kidonge kitakachomfaa.

Vipimo vya kuulizia

Kituo cha afya kinaweza kuanza na presha, sukari, uzito na kijiti cha mkojo cha kutazama protini. Hospitalini omba kreatinini (kipimo cha figo) na potasiamu, wingi wa damu, vipimo vya ini pamoja na albumini, na ikihitajika homoni ya tezi ya shingo (thairoidi). Moyo hupimwa kwa mashine ya mapigo, picha ya kifua na ultrasaundi ya moyo. Mguu mmoja uliovimba hupimwa vena kwa ultrasaundi. Nenda na karatasi ya dawa uliyoandika pamoja na vipimo vya futi. Daktari mwenye foleni ya watu 60 atakushukuru.

Kuinua miguu, na nani asiinue

Kukaa kitini na kuweka miguu juu ya kigoda hakutoshi. Nyayo zinatakiwa zipite usawa wa moyo, na hilo halifanyiki mpaka alale. Alale chali, mito miwili au mitatu, au godoro lililokunjwa, chini ya miundi yote, si chini ya visigino tu wala nyuma ya goti tu, kwani goti lililokunjwa kwa nguvu hubana vena. Dakika 20 hadi 30, mara tatu au nne kwa siku. Wazee wetu hawahitaji saa ya kengele kwa hili: baada ya adhuhuri, baada ya alasiri, baada ya isha.

Usiku, kwa mwenye vena mbovu, miguu ya kitanda ya upande wa nyayo inaweza kupandishwa kwa vipande vya mbao imara kwa sentimita 10 hadi 15.

Wawili hawainuliwi hivi. Mwenye moyo uliochoka anayehema akilala chali: maji ya miguuni yakirudi kwa wingi huzidisha mzigo, kwa hiyo huyo atibiwe moyo kwanza. Na mwenye mishipa ya kuleta damu iliyoziba, ambaye nyayo zake ni za baridi na maumivu ya usiku hutulia akiuning'iniza mguu. Ukiuinua unamnyima hata ile damu kidogo.

Kukamua kwa misuli

Kila saa ya kukaa, kwa dakika mbili: kuvuta nyayo juu na kuzikandamiza chini mara 20, kuzizungusha mara 10 kila upande, kisha visigino juu vidole chini mara 20. Anayeweza kusimama ashike ukingo wa baraza ainue visigino mara 10. Kutembea hadi kwa jirani na kurudi mara tatu kwa siku kunashinda mwendo mrefu wa siku moja. Kwenye boti au daladala ya shamba afanye hizo hizo za kukaa, na akipata nafasi anyanyuke.

Chumvi ya sufuria na chumvi iliyojificha

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, chote kwa chote. Tizama chakula cha mchana cha watu 6: mchuzi umetiwa vijiko viwili, wali kijiko kimoja na nusu. Kila mtu amekula karibu gramu 3, na siku haijafika nusu. Ongeza boflo la asubuhi, achari ya ndimu pembeni ya sahani, na kipande cha ng'onda (samaki mkavu wa chumvi) usiku, hesabu imeshapita.

Kumpikia mzee sufuria yake humfanya ajione mgonjwa, na wengi hukataa kula. Afadhali wali upikwe bila ya chumvi kwa nyumba nzima, na mchuzi wa mzee uchotwe kabla ya chumvi kuingia. Ladha ijazwe kwa ndimu, ukwaju, thomu, tangawizi, bizari nyembamba, pilipili manga. Ulimi huzoea baada ya wiki tatu au nne. Wiki ya kwanza atalalamika, mvumilie.

Vya kuondoa kabisa ni vidonge vya supu, achari, sosi za chupa na krispi. Ng'onda na papa mkavu vikitamaniwa, kata vipande, roweka usiku kucha ukibadilisha maji mara tatu, chemsha, mwaga maji, ndipo upike. Bado vitakuwa na chumvi, basi viwe vya mara moja kwa wiki mbili au zaidi. Chumvi mbadala za dukani zina potasiamu. Mwenye figo mbovu au anayetumia losatani, lisinoprili au spironolaktoni (dawa nyingine ya kukojoza) asizitumie, na madafu nayo ayapunguze kwa sababu hiyo hiyo.

Maji ya kunywa usimpunguzie kwa kubahatisha. Kufura miguu hakumaanishi amekunywa mengi, na mzee aliyekauka kwa joto la Februari huharibika figo kwa siku mbili. Kiwango cha lita moja na nusu au mbili huwekwa na daktari kwa baadhi ya wagonjwa wa moyo tu.

Dawa ya kukojoza ikiandikwa

Furosemidi ya vidonge huanza kazi ndani ya saa moja na hudumu kama saa sita. Hunywewa asubuhi, choo kikiwa karibu na njia haina mkeka wa kumkwaza. Mnunulie mzani. Apimwe kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai, akiwa na kanga au kikoi kile kile, na namba iandikwe. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 kwa siku tatu, maji yamerudi. Mpigie daktari kabla miguu haijaonesha. Ukishuka haraka naye ana kizunguzungu, mkakamao wa misuli na kinywa kikavu, dawa imezidi. Akipata kuharisha au kutapika, uliza siku hiyo hiyo kama aisimamishe kwanza. Damu ya kupima kreatinini na potasiamu ichukuliwe wiki moja au mbili baada ya kuanza au kuongezewa kipimo.

Ramadhani, mazungumzo yafanyike Shaabani. Wengine daktari atawahamishia dawa baada ya futari. Mwenye moyo uliochoka sana ataambiwa asifunge, na dini imempa ruhusa hiyo. Kinachodhuru ni kumeza kidonge wakati wa daku kisha kukojoa mchana kutwa bila ya kunywa.

Bendeji na soksi za kubana

Zinafaa kwa vena zilizolegea na kwa matende, baada ya kuhakikisha damu inafika nyayoni. Tafuta mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo cha ndani. Yasipopatikana, au unyayo ni wa baridi, au kuna kidonda vidoleni, au mzee ana sukari ya miaka mingi, asifungwe mpaka presha ya mguu ilinganishwe na ya mkono hospitalini. Mwenye moyo anayehema naye asubiri.

Bendeji ya kuvutika iwe na upana wa sentimita 10. Funga asubuhi kabla hajashusha miguu, unyayo ukiwa umesimama pembe mraba na muundi. Anza pale vidole vinapoanzia, mizunguko miwili, zunguka kisigino mpaka kifunikwe chote, kisha panda kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, hadi vidole viwili chini ya goti. Mkazo uwe mkubwa kifundoni na upungue ukipanda. Kosa la wengi ni kulegeza chini na kukaza chini ya goti, na hapo unakuwa umefunga mfuko mdomo, maji yote yanabaki kwenye unyayo. Bana kwa plasta, si kwa pini.

Baada ya robo saa bonyeza kucha ya dole gumba. Weupe urudi kuwa wekundu ndani ya sekunde mbili. Kwa bibi aliyetia hina au piko kuchani hutaona kitu, basi bonyeza nyama ya chini ya kidole. Ganzi, ubuluu au maumivu, fungua mara moja.

Soksi za duka la dawa za shinikizo la 15 hadi 20 mmHg (milimita za zebaki) zinatosha kuanzia, na zinunuliwe kwa kipimo cha kifundo na shavu la mguu kilichochukuliwa asubuhi. Zigeuze ndani nje hadi kisigino, ingiza unyayo, kisha panda taratibu. Ukingo wa juu usikunjwe, maana mkunjo hubana kama kamba. Usiku zivuliwe. Tatizo lililo wazi ni udhu: kuvua na kuvaa mara tano kwa siku kunachosha, na hapo ndipo soksi nyingi huishia kabatini. Bendeji za kubandika kwa mikanda ni nyepesi kuvua. Hukumu ya kupaka maji juu ya bendeji ya tiba iulizwe kwa mwenye elimu ya dini mapema, mzee asikae na dukuduku.

Ngozi

Udhu huosha nyayo mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote anavyoosha, na ni neema iwapo nyayo zinakaushwa. Zikiachwa mbichi, kati ya vidole huoza. Weka kitambaa laini cha pamba kando ya birika, kikaushe kila pengo la kidole kwa kugusa si kwa kusugua. Mafuta ya nazi yapakwe muundini na kisigino, kati ya vidole yasiguse. Ngozi iliyonyauka na kuwasha ikikunwa hufungua mlango wa maambukizi, kata kucha za mzee fupi. Kuumika na kupiga chuku kwenye mguu uliojaa maji usikubali. Ngozi ile haifungi upesi, na chale ndogo huwa kidonda cha miezi.

Matende

Kampeni ya kugawa dawa za matende kwa watu wote Zanzibar ilianza 2001 kwa ivamektini na albendazoli, na kabla yake, mwishoni mwa miaka ya 1980, vyoo vya Makunduchi, kusini mwa Unguja, vilimwagiwa chembe za polistirini (plastiki nyepesi) zielee juu ya maji na kuwanyima mbu pa kuzalia. Lakini wazee wa leo waliambukizwa miaka mingi nyuma, na dawa inayoua minyoo haifungui mishipa ya limfu iliyokwisha kuharibika. Kinachozuia mguu usikue zaidi ni sabuni.

Kila siku: osha kwa maji safi yasiyo ya moto na sabuni ya kawaida, kuanzia gotini kushuka, ukifuata kila mkunjo na kila pengo la kidole, suuza mpaka maji yawe meupe, kausha. Palipopasuka au kuoza papakwe krimu ya kuua fangasi au viini. Kisha kuinua na mazoezi kama hapo juu.

Homa ikija ghafla na mtoki kinenani, mguu ukawa mwekundu na moto, simamisha mazoezi na bendeji. Alale, kitambaa cha maji baridi, panadoli, maji ya kunywa, na aende kituo cha afya. Kila shambulio huongeza unene wa mguu, kwa hiyo kuzuia moja tu kuna thamani.

Viatu

Kanda mbili hukata kati ya vidole, na makubadhi ya ngozi ngumu huchubua juu ya unyayo uliofura. Jioni, miguu ikiwa imejaa kabisa, simamisha mzee juu ya kadibodi, chora nyayo zote mbili, kata. Nenda na vipande hivyo Darajani au soko la Chake Chake, uvitumbukize ndani ya kiatu. Kikijikunja pembeni, kiatu ni kidogo hata kama namba ni yake. Chagua champali pana zenye mikanda ya kubandika juu ya unyayo na nyingine nyuma ya kisigino, ili azilegeze jioni na kuzikaza asubuhi. Kabla ya kuvaa, ingiza mkono ndani: mwenye sukari anaweza kutembea kutwa na kokoto asiijue.